Walimu wanaiva Bahi, Chemba na Mpwapwa, matunda yanaliwa Dodoma Jiji

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila zinapotangazwa ajira za walimu, mjadala wetu huwa ni ule ule: nafasi ni ngapi? Mwaka 2022 zilikuwa 9,800. Mwaka 2023 zikawa 13,130. Tangazo la 2024 likaja na usaili wa Sekretarieti ya Ajira, tukabishana sana kuhusu usaili. Naomba leo tuvuke hapo. Mwalimu akisharipoti kituoni anakaa muda gani? Na siku anayoondoka, darasa anamwachia nani?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha vijijini katika wilaya mbili za mkoa huu wa Dodoma kabla ya kufika nilipo sasa, na kwa miaka kadhaa nimebeba jukumu la taaluma shuleni. Ninachokisema ni kimoja: ikama yetu, yaani idadi ya walimu ambayo shule inatakiwa kuwa nayo, inahesabu vichwa vya walimu, wakati mtoto anafundishwa na uzoefu wa mwalimu. Shule inaweza kuwa na idadi kamili ya walimu na bado watoto wake wakawa hawajapata mwalimu aliyeiva tangu darasa la kwanza hadi wanamaliza.

Chukua shule mbili za msingi. Kila moja ina wanafunzi 360 na walimu 8. Uwiano ni 1:45, ule ule tunaoambiwa ndio lengo. Kwenye makaratasi shule hizi zinalingana, na hakuna hata moja itakayoandikwa kwamba ina upungufu. Sasa ingia ndani. Ya kwanza iko karibu na stendi. Walimu sita wamevuka miaka 10 kazini, na mmoja amefundisha darasa la kwanza kwa muda mrefu hadi wazazi wanamwomba mwalimu mkuu awapangie watoto wao kwake. Ya pili iko mwisho wa njia ya vumbi. Mwalimu mkuu ana miaka minne kazini, wengine wameajiriwa juzi, na wawili tayari wameshaomba uhamisho kwenye mfumo. Mfano huu nimeutunga ili tuelewane, lakini mwalimu yeyote wa mkoa huu anaweza kuzitaja kwa majina shule zinazofanana nao.

Hapo kuna suala la fedha ambalo halisemwi. Ruzuku ya uendeshaji hugawiwa kwa idadi ya wanafunzi, kwa hiyo mtoto wa Area D mjini na mtoto wa Farkwa kijijini Chemba wanahesabiwa sawa. Mshahara haufuati mtoto, unamfuata mwalimu. Mwalimu aliyepanda madaraja mara kadhaa anapohama kutoka kijijini kwenda mjini, anahama na mshahara wake mkubwa, na nafasi yake kijijini inachukuliwa na mwenye mshahara wa kuanzia. Idadi haijabadilika. Lakini Serikali sasa inatumia fedha nyingi zaidi kwa watoto wa mjini kuliko wa kijijini, na hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo.

Kwa nini nasema Dodoma hasa? Kwa sababu mkoa wetu una halmashauri nane, na moja kati ya hizo imekuwa makao makuu ya nchi kwa vitendo tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016. Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Wizara zikaja, taasisi zikaja, Mji wa Serikali wa Mtumba ukajengwa. Mtumishi wa wizara akihamia Dodoma na mwenza wake ni mwalimu, mwenza naye anaomba kuja Dodoma. Ni haki yake na sina ubishi nayo. Lakini "Dodoma" ya kwenye barua ile ni Jiji. Sijakutana na mwenza aliyeomba kuja Sanzawa, kule Chemba vijijini.

Kwa hiyo tuna mvuto wa aina mbili kwa wakati mmoja. Walimu wa Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam wanakuja Jiji kufuata wenza. Walimu wa Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa nao wanatazama Jiji hilo hilo. Ajira mpya ndizo zinazokwenda kuziba mashimo huko pembezoni. Masharti yamekuwa yakimtaka mwajiriwa mpya akae kituoni miaka mitatu kabla ya kuomba uhamisho. Sasa fikirieni miaka hiyo mitatu ni ipi. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba mwalimu hupiga hatua kubwa zaidi katika miaka yake ya mwanzo: ndipo anapojifunza kutawala darasa, kujua mtoto gani hajaelewa japo amenyamaza, kupanga kipindi kisiishe kabla ya somo. Mtoto wa Chemba ndiye anayefundishwa wakati mwalimu naye anajifunza. Mwalimu akishajua kazi, mwaka wa nne, mlango wa uhamisho unafunguka. Anayefuata anaanza upya kwa watoto wale wale, na makosa yale yale ya mwanzo.

Hata ndani ya wilaya moja mambo hayalingani. Bahi ina shule zilizo kwenye lami ya kwenda Manyoni, ambako mwalimu anaweza kulala mjini na kufundisha kijijini kila siku. Huko walimu wanadumu. Nenda upande wa Chipanga au Mpalanga uone tofauti. Mpwapwa mjini si Galigali wala Wotta kule juu milimani. Kondoa na Chemba, lami ya Dodoma hadi Babati iliyokamilika mwaka 2018 imesaidia sana, lakini imesaidia shule zilizo kandokando yake. Kata ya Kwa Mtoro iko pale pale ilipokuwa, na mvua za Januari hadi Machi zikijaza makorongo, bodaboda inapanda bei au haiendi kabisa.

Kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalioni, nalo ni lugha. Mtoto anayeanza shule Farkwa anaweza kuwa anazungumza Kisandawe nyumbani. Wa Chipanga anazungumza Kigogo, wa Pahi Kirangi. Kiswahili anakijua kidogo, au anakielewa bila kukizungumza. Mwalimu mwenye uzoefu wa eneo lile anajua maneno ya kuanzia, anajua sauti ipi ya Kiswahili itamtatiza mtoto kwenye kusoma, na anajua kwamba mtoto aliyenyamaza si mjinga. Mwalimu mpya kutoka mbali, hata awe na moyo kiasi gani, miezi yake ya kwanza inaishia kutafuta namna ya kuelewana na darasa. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, inajengwa katika miaka miwili ya mwanzo. Mtoto asiyejua kusoma akifika darasa la tatu, masomo yote yaliyobaki yanampita.

Kitu kingine ni mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024. Utekelezaji wake unategemea MEWAKA, yaani walimu kukaa shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji na kufundishana kazini. Mpango mzuri, nauunga mkono. Lakini unadhani kwamba shuleni kuna mtu wa kufundisha wenzake. Shule ambayo wote wameajiriwa mwaka mmoja wanakaa kwenye jumuiya wakisomeana moduli. Na yule aliyepelekwa kwenye mafunzo wilayani akihama, mafunzo yamehama naye.

Mapendekezo yangu nitayaweka baada ya kusikia wenzangu. Walioko kwenye vituo hivyo, karibuni.

Mchangiaji, mwalimu wa hisabati, sekondari ya kata, Kondoa

Mleta mada umegusa penyewe. Naomba niongeze upande wa sekondari, kwa sababu huku hali ni kali zaidi kwenye hisabati na fizikia.

Shule za kata zilijengwa kwa kasi kupitia MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanzia 2004, nchi nzima. Madarasa yalitangulia walimu. Wenye umri wangu mnakumbuka walimu wa mafunzo ya muda mfupi walioitwa "vodafasta". Baadhi yao waliendelea na masomo wakawa walimu wazuri sana, lakini angalia walipelekwa wapi wakati ule: kwenye shule mpya za vijijini. Shule kongwe za mjini zilibaki na walimu wao.

Huku kwetu mwalimu wa fizikia akiondoka hakuna wa kumkaimu. Kwenye Kiswahili au historia mtasaidiana, vipindi vitagawanywa. Fizikia inabaki kwenye ratiba lakini darasani hakuna mtu. Kidato cha pili wanaingia kwenye upimaji, wanafeli, mwaka unaofuata hakuna anayechagua mchepuo wa sayansi, halafu tunaambiwa watoto wa huku hawapendi sayansi. Hawajaipata ili waipende.

Na kubadilishana vituo nako kuna tatizo. Mwalimu mwenye miaka 12 kijijini anabadilishana na mwenye mwaka mmoja wa mjini ambaye anataka kurudi karibu na kwao. Halmashauri zote mbili zinaona ametoka mmoja, ameingia mmoja, zinasaini. Shule imepoteza miaka 11 kwa sahihi moja.

Mchangiaji, mwalimu, Dodoma Jiji

Samahani, mimi nitatofautiana kidogo na mleta mada.

Nimefundisha Chemba na nikaondoka kumfuata mume wangu. Mnaposema walimu wanakimbia vijijini inasikika kama tumekosa uzalendo. Nilipanga chumba kwenye nyumba ambayo mvua ikinyesha tunaamka kuhamisha vitu. Maji tulinunua kwa ndoo kutoka kwa wenye mikokoteni ya punda, na kiangazi kikikolea yanapanda bei. Nilipokuwa mjamzito, kituo cha afya chenye huduma ya upasuaji kilikuwa mbali, na barabara mnaijua. Mwenzangu mmoja alijifungulia njiani. Mwambieni mwanamke mwingine abaki pale miaka 10 kwa sababu ya uwiano.

Pia hata huku mjini si starehe. Jiji limejaa. Sensa ya 2012 ilikuta watu takriban 411,000, ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Nina darasa ambalo watoto wanakaa wanne kwenye dawati. Mkisema Jiji lina walimu wengi, njooni Nkuhungu au Chang'ombe mtuone.

Mleta mada

Mwalimu, asante kwa kusema haya wazi, na nakuomba usitoke kwenye uzi huu. Sina neno baya kwa mwalimu anayeondoka katika hali uliyoieleza. Mfumo unaotegemea mtu mmoja mmoja kujitoa mhanga utashindwa, tena utashindwa kwanza kwa wanawake. Ndiyo maana naanza na nyumba kwenye mapendekezo yangu.

Kuhusu Jiji, uko sahihi kwamba kuna shule zilizofurika. Lakini hata ndani ya Jiji mgawanyo hauko sawa. Shule za katikati ya mji na zile za pembezoni kama Mbabala, Hombolo na Zuzu haziishi maisha yanayofanana, ingawa zote ziko chini ya mkurugenzi mmoja. Shule yenye watoto wanne kwenye dawati inaweza kuwa na walimu wazoefu wanaohangaika na wingi, na ile ya pembezoni ikawa na nafasi darasani lakini haina mzoefu. Yote mawili ni matatizo, na dawa zake hazifanani: la kwanza linataka madarasa na vichwa zaidi, la pili linataka watu wanaokaa.

Mchangiaji, mzazi, Mpwapwa

Mimi si mwalimu, ni mkulima wa vitunguu huku bondeni Lumuma. Nimesoma yote.

Sisi wazazi tunachokiona ni kwamba kila baada ya likizo ndefu kuna sura mpya. Watoto wanatuambia mwalimu wa hesabu ameondoka. Tunauliza mwalimu mkuu, anasema wameshaandika barua. Mwaka unaisha. Mwanangu alipokuwa darasa la sita daftari lake la hesabu lilikuwa na mada ya sehemu imeanzwa mara tatu na walimu tofauti, na haijamalizika hata mara moja.

Tulikuwa na mwalimu mmoja mzee, wa enzi za UPE (elimu ya msingi kwa wote), mwenyeji wa huku. Alifundisha baba zetu wadogo, akatufundisha sisi. Alistaafu. Yeye alikuwa akijua nyumba ya kila mtoto. Mtoto akikosa shule siku mbili, jioni unamwona mwalimu uani. Baada yake hatujapata wa namna ile.

Swali langu: kwa nini vijana wetu wa Mpwapwa waliosomea ualimu, na chuo cha ualimu kiko hapa hapa Mpwapwa, wasiajiriwe huku kwao?

Mleta mada

Mzee wangu, swali lako ni zito na linastahili kujibiwa kwa urefu.

Walimu wa UPE walitokana na Azimio la Musoma la 1974, Serikali ilipoamua elimu ya msingi iwafikie watoto wote ndani ya miaka michache. Vyuo visingeweza kutoa walimu kwa kasi ile, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafunzwa huku wakifundisha, wengi wao karibu na vijiji vyao. Tumewasema sana kwa kiwango chao cha elimu, na baadhi ya lawama zilikuwa za haki. Lakini walikuwa na kitu ambacho hatujakipata tena: walikaa. Walikuwa na shamba pale, nyumba pale, wazazi pale. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiyo kizazi kile karibu chote kimeshaondoka kazini, na hakuna aliyepanga nani atarithi ule uzoefu. Katikati hapo ukaja uhakiki wa vyeti. Aprili 2017, pale UDOM, ilisomwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na walimu walikuwemo. Kulikuwa na sababu ya kufanya uhakiki ule. Ila kwa shule za pembezoni ilikuwa pengo jingine juu ya pengo, kwa sababu mwaka mmoja kabla, elimu bila malipo ilikuwa imeanza na darasa la kwanza limefurika.

Kuhusu vijana wa hapa kuajiriwa hapa: naunga mkono, kwa kiasi. Mwalimu mwenyeji hahitaji kujengewa sababu ya kubaki. Wilaya ya Kondoa ina Chuo cha Ualimu Bustani, ninyi mna Mpwapwa, wenzetu wa Singida wana Kinampanda. Kijana wa Kibakwe aliyesoma Mpwapwa anaijua milima ile.

Mchangiaji, mstaafu wa idara ya elimu

Hapo kwenye wenyeji naomba tuwe waangalifu sana. Nimefanya kazi enzi ambazo Mhaya alipangiwa Manyoni, Mgogo akapangiwa Songea, Mchaga akaenda Newala. Tuliona ni usumbufu, lakini ndivyo nchi hii ilivyoungwa. Mkianza kusema kila wilaya iajiri watu wake, miaka 20 baadaye mtakuwa na idara za elimu za makabila. Tena wilaya ambazo hazijasomesha vijana wengi, zile zile za pembezoni mnazozitetea, zitakosa walimu kabisa, kwa sababu hazina wahitimu wa kutosha wa fizikia na hisabati wa kwao.

Mimi naamini tatizo ni usimamizi. Ikama ipo, takwimu za kila shule zipo, na hata chini ya mpango wa lipa kulingana na matokeo halmashauri zilipimwa kwa namna zilivyosawazisha uwiano wa walimu baina ya shule zake. Kazi ilifanyika. Walimu walihamishwa kutoka shule zenye ziada kwenda zenye upungufu. Lakini kilichopimwa ni idadi. Mkurugenzi anayepimwa kwa idadi atasawazisha idadi, na mara nyingi anayehamishwa kwenda pembezoni ni yule mgeni asiye na wa kumtetea. Wenye miaka mingi pale katikati wanajua wapige simu kwa nani.

Mleta mada

Mzee, umesema jambo ambalo mimi nisingeweza kulisema kwa uzito wako. Nakubali kuhusu hatari ya kuifanya kila wilaya kisiwa. Basi tuseme hivi: sehemu ya nafasi za shule ngumu kufikika, hasa za darasa la kwanza na la pili, wapewe kipaumbele waombaji wanaoijua lugha na mazingira ya pale, awe mzaliwa au awe mgeni aliyekulia huko. Nafasi nyingine zibaki wazi kwa Watanzania wote kama zamani.

Sasa mapendekezo yangu mengine, kama nilivyoahidi.

La kwanza ni nyumba. Mwaka 2021, kwa mkopo wa Sh1.3 trilioni wa UVIKO, yalijengwa madarasa 15,000 ndani ya miezi michache, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani vya watoto walio mbali na shule mama. Tulishuhudia wenyewe kwamba Serikali ikiamua, inaweza. Nyumba za walimu hazijawahi kupata kasi ya namna ile. Kwenye kijiji kisicho na nyumba ya kupanga yenye choo cha ndani na dirisha linalofungika, nyumba ya mwalimu ni sehemu ya darasa. Ningechagua shule moja ya pembezoni ipate nyumba nne kwa mpigo, kuliko shule nne zipate moja moja, kwa sababu walimu wanne wenye majirani wanaoelewana wanakaa. Mmoja peke yake anaondoka.

Hilo linanileta kwenye kupanga vituo. Tuache kumpeleka mwajiriwa mpya peke yake, na tuache kujaza shule nzima kwa waajiriwa wapya. Kila shule iwe na kiwango cha chini cha walimu waliovuka, tuseme, miaka mitano kazini, na kiwango hicho kiandikwe kwenye ikama kama uwiano unavyoandikwa. Uhamisho wa kumtoa mzoefu kwenye shule iliyo chini ya kiwango usubiri hadi apatikane mzoefu mwingine. Na wale wanaofuata wenza kuja Jiji, wenye miaka mingi kazini, wapangiwe kwanza shule za pembezoni za Jiji lenyewe na zile za Chamwino na Bahi zinazofikika kwa kwenda na kurudi. Mwenza analala nyumbani kwake, na mtoto wa Zuzu anapata mwalimu mwenye miaka 15.

Fedha. Sera ya mishahara na motisha katika utumishi wa umma ya 2010 inatambua kwamba maeneo yasiyofikika kirahisi yanahitaji motisha yake. Hadi leo mwalimu mwenzangu wa Galigali na mimi wa mjini tukiwa daraja moja tunapokea mshahara mmoja, wakati yeye nauli ya kwenda benki inamla. Gambia walianza mwaka 2006 kulipa posho ya mazingira magumu ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara, kulingana na umbali wa shule, na walimu wakaanza kuomba wenyewe kupelekwa huko. Gambia si nchi tajiri kutuzidi. Majirani zetu Kenya na Zambia nao wana posho za namna hiyo. Siombi ilipwe kwa kila anayejiita wa kijijini. Ipimwe kwa umbali, barabara, maji na kituo cha afya, na ikue kadiri mwalimu anavyokaa, ili mwaka wa sita ulipe kuliko wa pili.

Na kupanda cheo. Korea Kusini mwalimu aliyefundisha maeneo ya mbali anapata alama zinazohesabiwa anapotaka kuwa mwalimu mkuu, na walimu wa shule za umma huzungushwa vituo kila baada ya miaka michache. Huko kwenda pembezoni ni njia ya kukua. Kwetu aliyekaa Kwa Mtoro miaka 10 anaonekana ni mtu aliyekosa wa kumsaidia kutoka. Ukimsikiliza afisa akisema kwa hasira "nitakupeleka porini", umeshajua kituo hicho kimegeuzwa adhabu. Na mtoto anayesoma pale anaelewa kabisa kwamba mwalimu wake ameletwa kuadhibiwa.

Mchangiaji, mwalimu wa hisabati, Kondoa

Ongeza moja: malimbikizo na fedha za uhamisho. Mwalimu anayehamishwa na mwajiri kwenda pembezoni anastahili kulipwa gharama za uhamisho. Asipolipwa kwa wakati, halmashauri nayo inaogopa kumhamisha mzoefu mwenye familia na mizigo, inamhamisha kijana mwenye begi moja. Deni la uhamisho linachangia kupanga nani aende wapi.

Mleta mada

Kweli kabisa, na hilo sijalisikia likisemwa hivyo popote. Asante.

Mchangiaji, mzazi, Mpwapwa

Sisi wazazi tufanye nini wakati tunasubiri hayo ya sera?

Mleta mada

Mzee wangu, kwenye kikao cha wazazi mmezoea kuuliza ufaulu na michango. Safari hii ulizeni mambo matatu kupitia kamati ya shule: walimu wangapi wako hapa zaidi ya miaka mitatu, nani anafundisha darasa la kwanza na la pili, na katika mwaka uliopita wameondoka wangapi na wameingia wangapi. Mwalimu mkuu anayo majibu, hayahitaji mfumo wowote. Yaandikwe kwenye muhtasari, yapelekwe kwa Afisa Elimu Kata na kwa diwani. Diwani akiwa na majibu ya shule zote za kata yake, kwenye baraza la madiwani atakuwa na hoja yenye takwimu, tena ya kata ambayo pengine uwiano wake unasomeka vizuri.

Na kijiji kinaweza kufanya jambo moja bila kusubiri mtu: mgeni akiripoti, apokelewe. Nimeona kijiji kimempa mwalimu ekari ya kulima na chumba kizuri kwa mwenyekiti, akakaa. Nimeona kingine ambapo alipandishiwa kodi kwa sababu "ana mshahara".

Mchangiaji, mwalimu mpya

Shikamooni wakubwa. Nimepangiwa Chemba, naripoti karibuni, sijawahi kufika Dodoma, mimi ni wa Mtwara. Baada ya kusoma uzi huu nimeingia woga. Naomba ushauri.

Mleta mada

Marahaba, karibu sana. Usiogope, kuna walimu wazuri Chemba na watu wake ni wakarimu.

Ukifika omba kuonana na mwalimu aliyekaa shuleni muda mrefu kuliko wote, hata kama si mwalimu mkuu, na muulize mtoto gani anahitaji nini. Ukipangiwa darasa la kwanza au la pili, mwombe aingie darasani kwako mara kwa mara wiki za mwanzo, na wewe uingie kwake. Vitu vizito kama godoro na jiko nunua Kondoa mjini au Chemba makao makuu, usivibebe kutoka Mtwara. Kama unaripoti msimu wa mvua, piga simu shuleni kwanza uulize korongo limepitika au la, usimwamini bodaboda wa stendi. Chakula kiwe na akiba, kwa sababu Januari na Februari mahindi huwa ghali huku, watu wanakuwa wanasubiri mavuno.

Nenda na vyeti vyako halisi, barua ya ajira na namba ya NIDA. Dai la nauli na posho ya kujikimu liandike siku ile ile unayoripoti wilayani, lipigwe muhuri wa masijala, nakala ubaki nayo. Shule yako ni ipi? Niandikie kwa faragha, huenda namfahamu mtu wa kukupokea.